Ukuta wa Dominika

Lameck alipoingia uani na ndoo ya chokaa mkononi, mama yake alijua kuwa wa kwanza kufukuzwa katika nyumba ile angekuwa ng'ombe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hiyo chokaa ya nini?"

"Dalali kanipigia simu. Mnunuzi anakuja kukagua nyumba. Ni mwalimu wa sekondari, mama, mtu aliyesoma. Huwezi kumwingiza mwalimu kwenye nyumba yenye ng'ombe ndani."

Tekla aliiangalia ile ndoo, akamwangalia na mwanawe. Lameck hakuwa mtoto mbaya, na tuseme haki yake: ndiye aliyechimba choo kipya, na ndiye aliyelia kwa sauti kuliko wote siku ya kumzika baba yake. Ila tangu Manyara iwe mkoa na yeye apate kiti katika ofisi moja huko Babati, alikuwa ameanza kuizungumzia nyumba ya mama yake kama jambo la kujadiliwa kikaoni. Alisema "mazingira ya nyumba". Alisema "kuboresha mwonekano". Tekla alikuwa anamwacha aseme, maana kijana anayevaa soksi kila siku lazima apate pa kuzisemea.

Nyumba yenyewe ilikuwa pembeni ya mji wa Mbulu, mahali ambapo mtelemko unaanza na maduka yanaishia. Aliijenga marehemu Bonaventura, kwa tofali za kuchoma na mabati, na wakati huo watu walikuja kuitazama. Lakini Bonaventura alikuwa mtoto wa wazee wake. Nyumba aliyozaliwa yeye ilikuwa imechimbiwa kwenye mlima, watu na mifugo chini ya paa moja, na hakuona kwa nini mabati yabadilishe jambo hilo. Kwa hiyo nyuma, pakipakana na chumba cha kulala, alimwekea ng'ombe chumba chake chenye mlango wake wa kutokea uani. Majirani waliojenga baadaye waliwaweka ng'ombe wao kwenye mabanda ya nje, wakamcheka. Bonaventura aliwajibu kwamba wao walale na baridi yao.

Na baridi ya Mbulu si ya kusimuliwa, hasa Juni na Julai ukungu unapokaa mpaka mchana na nguo haikauki kwenye kamba. Ng'ombe alipolala aliegemeza ubavu ukutani. Tofali zilishika joto lake, na upande wa pili wa tofali hizo kilikuwa kitanda cha Tekla. Alilala magoti yakigusa ukuta. Tangu Bonaventura alipofariki, sauti ya ng'ombe anayecheua upande wa pili ndiyo iliyompa usingizi, na usiku ambao usingizi uligoma kabisa alimwongelesha ng'ombe kupitia ukutani kwa Kiiraqw, akamsimulia habari za siku nzima.

Jina la ng'ombe lilikuwa Dominika, kwa sababu alizaliwa Jumapili wakiwa kanisani. Alikuwa wa uzao wa yule ng'ombe ambaye Bonaventura alitoka naye kwao walipooana. Wote wengine walishatawanyika, kwa mahari, kwa magonjwa, kwa ada za shule za Lameck mwenyewe. Alibaki huyu.

Ni magoti ya Tekla, yaliyokuwa yakimuuma kwa baridi, yaliyoiuza ile nyumba. Judica, binti yake Tekla, alikuwa ameolewa Masakta, huko chini Hanang kwenye jua, na alikwishamjengea mama yake chumba. "Njoo mama, huku utatembea," alisema. Tekla alikuwa tayari kwenda, na kuiacha nyumba aliweza. Lakini bwana mifugo alisema wazi kwamba kupe wa kule chini ni wengine, na ng'ombe wa mlimani kama Dominika akishuka huko ndigana itammaliza kabla hajazoea njia ya kisimani. Lameck alilisikia hilo, akasema basi, nyumba ikiuzwa tu, ng'ombe atapelekwa mnadani. Tekla alijibu "sawa". Kisha alikwenda nyuma ya nyumba kulia, akijifanya anakusanya kuni.

Hakumwambia mtu. Angesema nini? Kwamba mwanamke mzima, mwenye wajukuu, anaona uchungu kumwacha ng'ombe kuliko kuiacha nyumba ya mumewe?

Basi Dominika akapelekwa kwa jirani Hermani. Lameck alikomba chumba chake hadi kwenye udongo mkavu, akakimwagia dawa ya choo, akapaka chokaa kuta zote na ile nguzo ya katikati. Aling'oa kigingi, akafukia shimo lake. Alipomaliza alisimama mlangoni, kajaa madoa meupe, amefurahi.

"Sasa mama, ukiulizwa hiki ni chumba gani, sema ni stoo."

"Stoo ya nini?"

"Ya vitu. Habari ya ng'ombe usiitaje kabisa."

Usiku ule Tekla alijifunika mablanketi yote aliyokuwa nayo, na ukuta ukawa wa baridi kama ukuta wa mtu mwingine. Asubuhi aliinuka kwa kushika kitanda, akashika kiti, akashika mlango.

Mwalimu alikuja asubuhi hiyohiyo. Alikuwa msichana mrefu aitwaye Restituta, amevaa sweta la bluu na viatu vya heshima, na Lameck alipomwona alijiweka sawa kola. Ila hakuwa peke yake. Nyuma yake alitembea baba yake, mzee mwembamba mwenye shuka begani na fimbo mkononi, amevaa kandambili za tairi. Aliitwa Gidamis, mfugaji kutoka mbugani Hanang. Kumbe mwenye kununua alikuwa yeye. Restituta alikuwa amepangiwa kufundisha Mbulu, na baba alitaka nyumba ambayo wadogo zake wangekaa naye wasome, na mama yao akija akae.

Uso wa Lameck ulishuka kidogo. Tekla naye hakuwa malaika. Alikulia katika nyumba ambayo watu wa mbugani walitajwa kwa kuteremsha sauti, na alipoiona ile fimbo alijikuta anawatafuta kuku wake kwa macho. Lakini mzee aliinamisha kichwa vizuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibuni. Habari za njiani?"

"Njema. Mlima wenu mrefu."

Restituta alianza kukagua, na Tekla alimpenda saa ileile kwa sababu hakuanza na mapambo. Aligonga kuta kwa vifundo vya vidole akisikiliza. Alifungua na kufunga kila dirisha. Alitoka nje akautazama msingi upande wa mtelemko, mahali maji ya mvua yanapopita, akapitisha kidole kwenye ufa mmoja kuanzia chini hadi ulipoishia. Aliporudi ndani aliangalia juu kwenye mabati, kisha akauliza, "Mama, mvua ikinyesha, beseni mnaliweka wapi?"

Lameck alikohoa. "Paa ni zima kabisa, mwalimu."

Tekla akacheka. Swali kama lile haliulizwi na mtu anayetaka kudanganywa. "Hapa kwenye kona. Msumari mmoja umelegea. Na upepo ukitoka magharibi, weka sufuria pale pia. Ufa ule ulioushika ni wa siku nyingi, haujaongezeka tangu mume wangu yuko hai."

"Asante mama," alisema Restituta, na ilionekana kuwa beseni la kwenye kona limempa imani kuliko mabati yote.

Wakati wote huo Gidamis hakuwa amegusa kitu. Alizunguka taratibu, mikono imening'inia kwenye fimbo iliyolala mabegani, mpaka akafika nyuma, kwenye ule mlango wa uani. Akasimama. Akavuta hewa puani.

"Hapa ni wapi?"

"Stoo," alisema Lameck haraka.

Mzee aliingia. Aliinama mlangoni, kisha akaenda moja kwa moja kwenye nguzo ya katikati. Chini ya chokaa ile nguzo ilikuwa na mbonyeo laini, usawa wa shingo ya ng'ombe, mahali Dominika alipokuwa anajikuna, na kabla yake mama yake, na bibi yake. Gidamis aliweka kiganja pale. Chokaa ikamshika vidole. Akakanyaga sakafu kwa kisigino, hapa na pale, akakuta mahali palipofukiwa.

Alimtazama Tekla, si Lameck. "Mama, hapa alikaa ng'ombe. Alikufa lini?"

Tekla alifungua mdomo. Lameck alikuwa amesimama nyuma ya mzee, na macho yake yalikuwa yanaomba. Yalikuwa macho yale ya utotoni alipovunja kibuyu cha maziwa.

"Hakuna ng'ombe," alisema Tekla. "Ni stoo. Ya vitu."

"Vitu gani?"

"Vitu tu, baba."

Gidamis alitikisa kichwa polepole. Hakukasirika, na bora angekasirika. Chai ilikuwa imeshaandaliwa, akaomba radhi asiinywe. Akasema nyumba ni nzuri, aliyejenga alijua kujenga, lakini yeye hawezi. Restituta akasema, "Lakini baba, nimeshaangalia kila kitu," na baba yake akamwonyesha vidole vyake vyeupe.

"Wewe umekagua upande wa watu tu," alimwambia. Kisha akamgeukia Tekla, kwa sababu hakutaka kuondoka bila kumweleza mtu mzima sababu. "Mama, usinione mbaya. Mwaka wa ile homa ya mapafu nilihamishia ng'ombe wangu kwenye boma moja huko kwetu. Mwenyewe alikuwa amelifagia, amelimwagia majivu, linang'aa. Sikuuliza ng'ombe wa mle walikwenda wapi, niliona nitamkosea heshima. Walianza kukohoa mmoja mmoja. Nilirudi kwa watoto wangu na fimbo tu. Ndiyo sababu huyu alisoma, sikuwa na ng'ombe tena wa kumpa achunge. Sasa nimeanza tena, na nilitaka hapa niweke mmoja wa maziwa. Watoto watasoma vipi bila maziwa? Lakini mahali palipooshwa hivi, siingizi ng'ombe."

Akaaga. Baba na binti wakatoka, wakaanza kuteremka njia.

"Waende tu," alisema Lameck. "Atapatikana mtu wa maana. Mama, umeona mwenyewe, ni watu wa porini."

Tekla hakumsikia vizuri. Aibu ilikuwa imemshika mwili mzima, na si ya kupoteza mnunuzi. Mtu alikuwa amemuuliza habari ya wafu wake, naye akamjibu uongo uleule uliowahi kumfilisi. Na uongo wenyewe ulikuwa kwamba Dominika hakuwahi kuwapo.

Alitoka bila kuvaa kanga ya pili. Magoti yalilalamika, akayaacha yalalamike.

"Baba Restituta!" aliita. "Baba Restituta, simama! Yuko hai!"

Watu wa njiani waligeuka. Muuza mkaa alishusha gunia lake ili aone vizuri. Gidamis alisimama.

"Nani yuko hai?"

"Ng'ombe! Nimekudanganya, baba. Hajafa. Hajawahi kuugua, ila mara moja alipokula sabuni ya jirani. Tumemficha."

"Mmemficha?" Mzee alimtazama kama mtu asiyeamini Kiswahili chake mwenyewe. "Mama, mwenye ng'ombe anamficha ng'ombe?"

"Tulisikia anakuja mwalimu," alisema Tekla, na hapo Restituta akajiziba mdomo kwa kiganja, mabega yakamtikisika. Tekla alitaka kulia lakini kicheko kikamuwahi. Walicheka wote wawili katikati ya njia mpaka muuza mkaa naye akacheka bila kujua kisa.

Kwa Hermani hapakuwa mbali. Dominika alikuwa amefungwa nyuma ya banda, amenuna, majani aliyowekewa hakuyamaliza. Aliposikia sauti ya Tekla aliinua kichwa, akalia. Gidamis alimwachia binti yake fimbo. Akamsogelea kwa ubavu, akisemea chini kitu cha nusu wimbo kwa lugha ya kwao, mpaka ng'ombe akaacha masikio yake yashikwe. Akamfunua fizi, akamtazama machoni, akaweka sikio mbavuni na kukaa hivyo kitambo, uso wake umekaza. Akapapasa kiwele na kwato, akanusa pumzi yake. Restituta alipogonga kuta za nyumba hakuwa amefanya hata nusu ya hayo.

"Anapumua vizuri," alisema mzee hatimaye, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mfungue. Tuone anaenda wapi."

Tekla alifungua kamba. Dominika hakuongozwa na mtu. Alipita katikati yao, akapandisha mtelemko, akaingia uani akimpita Lameck ambaye ilibidi aruke pembeni na suruali yake ya ofisi, na akainama kwenye mlango wake. Ndani alisimama kidogo, akionekana kushangaa weupe. Akaulamba ukuta. Akaisugua nguzo kwa shingo mpaka chokaa ikadondoka na mti ukaonekana, kisha akajilaza chini kwa mgumio, ubavu ukutani.

Chai ikaletwa tena, na safari hii mzee aliinywa. Walikaa sana. Tekla alieleza habari za Bonaventura, na nyumba ya mlimani, na baridi. Kisha alimpeleka Gidamis chumbani, akamwonyesha kitanda, akamwambia aguse ukuta. Mzee aligusa tofali. Akaita, "Restituta, njoo," na Restituta naye akaweka kiganja pale, halafu shavu.

"Joto hili hukuliona," baba yake akamwambia.

"Lilikuwa halipo, baba," alijibu mwalimu.

Gidamis alikaa ukingoni mwa kitanda. "Nyumba nainunua. Na ng'ombe."

Lameck, aliyekuwa mlangoni, akachangamka. "Hilo halina shida kabisa mzee, tulikuwa tumpeleke mnadani wenyewe."

"Siuzi," alisema Tekla.

Wote wakamgeukia. Hata yeye alishtuka. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na lililofuata lilikuwa limekaa mdomoni muda mrefu. "Siwezi kwenda naye Masakta, ndigana itamuua. Na siwezi kumuuza, baba. Lameck, nilikwambia sawa, haikuwa sawa. Huyu ndiye kitu cha mwisho nilichobaki nacho cha baba yako. Nikimuuza nitakuwa nimeondoka Mbulu na magoti tu."

Lameck aliangalia soksi zake. Alikuwa hajui, na hilo ndilo lililomuuma. Alikumbuka kuwa mama yake alisema "sawa" kwa sauti ndogo, naye alikuwa anatafuta mtandao kwenye simu. "Mama," alisema, "kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unaboresha mwonekano," alisema Tekla, lakini kwa upole, na akamgusa mkono.

Gidamis alikuwa anazungusha kikombe. Alionekana kupima jambo. Aliposema, alisema kama mtu anayeomba, si kama mnunuzi.

"Basi usiniuzie. Mweke kwangu. Kwetu mtu akiwa na ng'ombe asiyeweza kukaa naye, humweka kwa rafiki. Maziwa yatakuwa ya watoto wangu. Ndama atakuwa wako. Na ng'ombe ni wako mpaka afe, na akifa nitakuletea ngozi Masakta kwa mikono yangu, ujue sijakudanganya. Na wewe, mama, mtu akiwa ameweka ng'ombe lazima aje kumtazama. Asipokuja, anaonekana hajali."

Watu wa Tekla nao waliwekeana ng'ombe tangu zamani. Alilijua jambo lile alivyojua kusonga ugali. Ila hakuwahi kuwaza kwamba lingemjia kutoka kwa mtu mwenye shuka, katika chumba chake, ambaye kwa ajili yake alikuwa amewatafuta kuku wake kwa macho asubuhi ileile. Aliitikia kwa kichwa tu, machozi yanamshuka, na hakujificha nyuma ya kuni.

Lameck alikwenda uani. Walimsikia akichimba. Alikuwa anarudisha kigingi.

Tekla alikaa Masakta, akatembea kama Judica alivyoahidi. Magoti yalitulia kwa lile jua, akawa anakwenda kanisani kwa miguu yake. Baada ya mavuno, mvua ndogo zilipoanza kule mlimani, alipanda basi kwenda Mbulu, na njia nzima alikuwa na wasiwasi. Alijiuliza atabishaje hodi kwenye mlango ambao alizoea kuusukuma kwa goti. Angekaribishwa wapi? Angekaa sebuleni ameshika kikombe, anaulizwa habari za safari kama mgeni yeyote?

Alibisha. Mlango ulifunguliwa na mke wa Gidamis, mama mrefu mwenye shanga shingoni, ambaye hawakuwahi kuonana. Walitazamana. Yule mama alimwangalia usoni, akaangalia magoti, akageuka kupiga kelele ndani kwa furaha.

"Restituta! Watoto! Mwenye ng'ombe amekuja!"

Hawakumkalisha sebuleni. Walimpokea mzigo, wakampitisha moja kwa moja uani kwenye mlango wa nyuma, kwa sababu ndivyo ilivyopasa, aone kwanza alichokuja kuona. Dominika alikuwa amenenepa. Kando yake, miguu bado haijamkaa sawa, alisimama ndama jike mwenye doa jeupe kwenye paji. Mama yule alikuwa anamtazama Tekla kwa hofu kidogo, kama mtu anayekaguliwa. Tekla alimfunua ndama fizi, akamnusa pumzi, akamshika mbavu, na hakuharakisha hata kidogo, kwa sababu heshima ilitaka hivyo.

"Mmetunza," alisema.

Nje mvua ilianza kupiga mabati. Kwenye kona ya sebule, beseni lilikuwa mahali pake. Walimwambia kabla ya chakula apumzishe magoti, wakamfungulia chumba cha nyuma. Kitanda hakikuwa chake tena, lakini walikiweka palepale. Tekla alijilaza, akageukia ukutani, akasikia upande wa pili kucheua kulekule. Akaanza kumsimulia Dominika habari za Masakta, toka mwanzo, na tofali zilikuwa za moto.